Dagaa wa Mwanza: kabla hujalipa, vunja mmoja

Gramu 100 za dagaa wakavu zina karibu gramu 60 za protini. Nyama mbichi ya ng'ombe isiyo na mfupa ina kama gramu 20. Kilo moja ya dagaa, basi, inafanya kazi ya kilo tatu za steki. Uliza bei zote mbili siku hiyo hiyo: kama kilo ya dagaa haijafika mara tatu ya kilo ya steki, dagaa ndio nafuu. Tena huliwa na mifupa yao, kwa hiyo kalsiamu inaingia hata kwenye nyumba isiyomudu maziwa.

Hesabu hiyo inasimama kwa dagaa safi na wakavu tu, na hapo ndipo mnunuzi anapopunjwa. Walioanikwa mchangani ndio rahisi, lakini mchanga hujificha kwenye matamvua na unaulipia kama samaki. Wa kwenye chanja hupata hewa juu na chini, hukauka upesi, hung'aa kama fedha. Bei yao iko juu kidogo na wanaistahili. Vunja mmoja: mzuri hukatika kwa mlio. Akipinda, unalipia maji, na ukungu hauko mbali. Hao hujaa sokoni wakati wa masika, jua linapokosekana ufukweni. Rangi ya njano au kahawia ina maana mafuta yameshachacha, na uchungu huo hautoki kwa nyanya wala limao.

Kwa kuwa dagaa huvuliwa kwa taa, kwenye mbalamwezi mitumbwi hutulia na bei hupanda. Nunua siku za giza, mwezi usipoonekana. Viwanda vya chakula cha kuku navyo vinagombea mzigo huohuo, jambo linalomuumiza mlaji wa kipato cha chini kuliko mwingine yeyote.

Pima kwa mizani ukiweza. Kopo hudanganya: vumbi na vipande huzama chini, na juu hupangwa wazima.

Pakiti za supamaketi za waliotolewa vichwa hatuzipendekezi. Unalipa zaidi ili uondolewe kalsiamu. Anayechukia uchungu atoe tumbo peke yake, kichwa akiache.

Kuosha: walowanishe dakika chache kwenye maji ya uvuguvugu, kisha waopoe kwa mkono. Ukimwaga maji pamoja nao, mchanga uliotua unarudi. Rudia mpaka sakafu ya bakuli iwe safi. Wakaushe kwenye sufuria bila mafuta kwanza, halafu ndipo utie vijiko viwili vya mafuta, kitunguu na nyanya. Wakiingia na maji watanyonya mafuta na kupondeka. Kwa uji wa mtoto, wakaange bila mafuta, wasage, chekecha, tia kijiko kimoja cha chai kwa kikombe.

Wa Kigoma ni watamu zaidi, hilo halibishwi, ila kwa protini tofauti ni ndogo kuliko tofauti ya bei.