Namba ya uthibitisho: kwa SMS au kwa programu?

Dalali wa mahindi pale Kibaigwa anafungua barua pepe yake, anaombwa tarakimu sita. Anaweza kuzipata kwa SMS, au kuzisoma kwenye programu kama Google Authenticator. Wengi huchagua SMS kwa kuwa imezoeleka, tena haihitaji simu janja.

Shida ni njia inayopita. Kampuni nyingi za simu bado huwasiliana kwa SS7, mfumo uliobuniwa miaka ya 1970, enzi ambazo kampuni zilikuwa chache na ziliaminiana. Anayepenya humo anaweza kuelekeza ujumbe wako kwake, simu yako isioneshe dalili yoyote. Mwaka 2017 ilibainika kuwa wezi walikomba akaunti za benki Ujerumani kwa njia hiyohiyo. Iliyo rahisi zaidi kwao ni kurudisha laini kwa jina lako: ghafla mtandao unakata, SMS zako zinaingia kwa mtu mwingine.

Programu haipiti huko. Siri ya kutengenezea tarakimu imekaa ndani ya simu, nazo hubadilika kila sekunde 30, hata ukiwa Kondoa porini bila mtandao. Ila simu ikipotea nawe hukuandika kwenye karatasi namba za akiba za kuingilia, unaweza kujifungia nje. Na ukimtajia tapeli tarakimu, hakuna njia itakayokuokoa.

Mimi nasema programu, ukianza na barua pepe. Pasipo na chaguo hilo, baki na SMS, weka PIN kwenye laini, kisha piga *106# uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA.