Petroli 91, 95 na 98 kwenye piki ya cc 150 Dubai: uzoefu wangu

Kama unaendesha Pulsar 150 au piki yoyote ya dilivari ya ukubwa huo, weka 91 uende zako. Nimezitumia zote tatu na huo ndio uamuzi wangu. Sababu ziko hapa chini, pamoja na mahali ambapo hata mimi 91 naiacha.

Wengi tunaofika Falme za Kiarabu kutoka Mombasa, Kampala au Dar tumezoea kumwambia mtu wa pampu "jaza" basi. Huku pampu ina majina matatu: Super 98, Special 95 na E-Plus 91. Ukinyamaza, mara nyingi utamiminiwa 95. Taja E-Plus kabla bomba halijaingia kwenye tangi, na ujue kwamba si kila kituo wanayo.

Bei hutangazwa upya kila mwezi tangu Agosti 2015, ila pengo kati ya aina na aina halisogei sana. Januari 2024, kwa mfano, lita ya 98 ilikuwa dirham 2.82, ya 95 dirham 2.71 na ya 91 dirham 2.64. Chukua piki inayokunywa lita 5 kwa siku, siku 26 za kazi kwa mwezi: ni lita 130. Ukitumia 95 badala ya 91 unaongeza dirham 9.10. Ukitumia 98 unaongeza dirham 23.40. Si fedha ya kumfilisi mtu, lakini mimi hizo 23 nazipeleka kwenye oili, ambako zina kazi.

Zile namba 91, 95 na 98 ni za okteni. Okteni haipimi nguvu ya petroli. Inapima uvumilivu wake inapobanwa. Petroli ya 91 huvumilia sawa na mchanganyiko wa isoktani sehemu 91 na heptani sehemu 9, vimiminika viwili vya kupimia, basi. Pistoni ikipanda hubana hewa na mafuta, plagi huwasha, na moto hutembea kutoka kwenye plagi kuelekea ukingoni. Kile kipande cha mwisho ambacho moto haujakifikia huzidi kubanwa na kupata joto. Kikilipuka chenyewe kabla ya zamu yake, ndipo unaposikia injini inagonga: mlio mkavu wa kokoto ndani ya kopo, hasa unapovuta mafuta ghafla ukiwa kwenye gia kubwa. Okteni ya juu hukizuia kipande hicho kisilipuke mapema. Injini ambayo haifiki kwenye hatari hiyo haipati chochote kwa kulipia 98, kwa sababu lita ya 98 haina moto wa ziada ndani yake.

Pulsar 150 ina cc 149.5 na kompresheni, yaani kiasi ambacho pistoni hubana hewa na mafuta, ya karibu 9.5 kwa 1. Hiyo ni ya chini kiasi cha 91 kutosha bila wasiwasi. Juu ya hapo ina plagi mbili, kwa hiyo moto huanzia pande mbili, safari yake hufupika, na kile kipande cha mwisho hakipati muda wa kuleta fujo. Kama piki yako ni nyingine, fungua kitabu chake utafute namba mbili: kompresheni na okteni ya chini inayotakiwa. Kuna mtego mmoja hapo. Vitabu vya Honda vilivyoandikwa kwa soko la Marekani husema 86, na mtu hudhani piki inakubali mafuta ya chini kuliko yote. Marekani hutumia kipimo kingine, na hiyo 86 yao ni sawa na 91 ya pampu za huku.

Sasa matumizi yenyewe. Kati ya 91 na 95 sikuona tofauti ya kuwaka asubuhi, ya mwendo wa juu wala ya kilomita kwa lita. 98 nayo vivyo hivyo. Wanaosema 98 "inachoma valvu" wanakosea, maana haiwaki kwa joto zaidi, na wanaosema piki "inaruka" nayo wamejisikia wenyewe. Tofauti niliyoisikia ni moja tu, nayo ni ya kiangazi: Julai na Agosti, saa nane mchana, sanduku limejaa, foleni ya kusimama na kuondoka. Hapo 91 hutoa mlio mdogo ukilazimisha gia ya nne kwenye mwendo wa gia ya tatu, na 95 huuondoa. Sababu inaeleweka. Injini inapozwa kwa hewa tu, piki ikisimama hakuna upepo, na hewa inayoingia kwenye silinda tayari ina zaidi ya nyuzi 40. Kwa hiyo kuanzia Juni hadi Septemba naweka 95 bila kulalamika. Kupunguza gia moja pia huondoa mlio huo, na ni bure.

Ndipo ninapowagomba wenzangu. Piki ikianza kugonga kwa 91 mwezi wa Januari, mtu hupanda 95, kisha 98, na kelele zikipungua anadhani amepona. Amefunika ugonjwa. Piki ya kompresheni ya 9.5 haina sababu ya kugonga wakati wa baridi, na chanzo huwa ni kimoja kati ya hivi.

Cha kwanza ni masizi juu ya pistoni na kwenye silinda hedi. Hula nafasi, kompresheni hupanda, na vipande vyake hubaki vyekundu kama kaa na kuwasha mafuta kabla ya plagi. Injini inayokula oili hujaa masizi haraka, kwa hiyo ukiona moshi wa bluu anzia hapo. Cha pili ni mchanganyiko kuwa na hewa nyingi kuliko mafuta: jeti ya kabureta (kitundu cha kupitishia petroli) imeziba, au mpira unaounganisha kabureta na injini umepasuka kwa jua. Mpira huo nyunyizia kisafisha kabureta kidogo injini ikiwa inanguruma piki imesimama. Mlio ukibadilika, hewa inaingia hapo. Fanya hivyo kabla injini haijachemka, kwa sababu dawa hiyo inashika moto. Cha tatu ni plagi ya joto lisilofaa. Kwa plagi za NGK namba kubwa ni plagi baridi zaidi na ndogo ni ya moto zaidi, na fundi akikupa ya moto zaidi iliyopo dukani badala ya iliyoandikwa kwenye kitabu, injini inaweza kugonga hata kwa 98.

Plagi yenyewe hueleza mengi. Endesha kilomita chache kwa mwendo wa kawaida, zima, acha ipoe, ifungue. Rangi ya kahawia hafifu ni nzuri. Nyeupe na kavu maana yake mafuta ni machache. Nyeusi yenye vumbi maana yake ni mengi mno au kichujio cha hewa kimejaa mchanga, jambo la kawaida sana huku.

Ukitaka kujipimia mwenyewe, usibadilishe petroli leo ukahukumu kesho. Tumia tangi hadi karibu na akiba, jaza aina moja mpaka alama ileile ya shingo piki ikiwa imesimama wima, andika kilomita, rudi pampu ileile. Tangi la kwanza lisahau kwa sababu lina mabaki. Hesabu matangi matatu yanayofuata, kisha hamia aina nyingine. Upepo wa tairi ubaki uleule, la sivyo utapima tairi badala ya mafuta. Ukiishiwa mahali pasipo na 91, changanya tu: nusu 91 na nusu 95 hukupa karibu 93, na haina madhara.

Yote haya ni ya piki ndogo za kompresheni ya chini. Yamaha R15 ya miaka ya karibuni ni 11.6 kwa 1, na hiyo naitilia 95. KTM 390 Duke, ambayo kompresheni yake inazidi 12, hutaka 95 kwa maandishi ya kiwanda. Yamaha R1 yenye 13 kwa 1 ndiyo mteja halali wa 98. Piki ndogo nyingi hazina kihisi cha kugonga, hata zile za injeksheni, kwa hiyo kompyuta haitarudisha nyuma taimingi (wakati wa plagi kuwasha) kukuokoa, na pistoni hutoboka kimyakimya kwenye mwendo wa kasi ambapo upepo unameza ule mlio.

Chupa za kuongeza okteni sizinunui. Zile "pointi 30" zilizoandikwa kwa herufi kubwa ni okteni 3 tu, maana pointi moja ni sehemu ya kumi ya okteni, na pengo la 91 hadi 95 unalipia kama fils 7 (dirham 0.07) kwa lita pale pampuni. Zenye manganizi au chuma huacha utando mwekundu kama tofali kwenye plagi. Ukinunua piki iliyotumika ukaikuta plagi yenye rangi hiyo, itupe, weka mpya ya namba ya kitabu, ndipo uanze kuisikiliza injini.