Eti kosa ni la makande

Nianze na lile neno, maana ndilo limenikalisha macho mpaka saa hizi: "Dada, hii wolpepa si ya nyumba zinazopika makande." Dada aliyenipambia jiko kalisemea jikoni kwangu, mama yangu mzazi amekaa palepale kwenye kigoda, ungo mapajani, anachambua maharage. Na shikamoo hakumpa.

Sasa turudi nyuma. Baridi ya Arusha mnaijua. Juni ikishaingia jua linaaga, Meru inapotelea mawinguni wiki nzima, manyunyu asubuhi, vigae vya sakafuni unavikanyaga kwa vidole. Jiko langu hapa Sakina lilikuwa jeupe tupu, na ile tyubulaiti nyeupe juu, kama chumba cha sindano. Watu wanapakua chakula wanakimbilia sebuleni kujifunika mashuka. Mimi nilitaka jiko ambalo mtu akiingia anavuta kiti. Hilo tu.

Huyu dada nilimpata mtandaoni, anajiita dizaina. Akaja na simu imejaa majiko ya Marekani: majani mekundu na ya njano ukutani, maboga kila kona, mishumaa. Eti ndiyo mapambo ya msimu wa majani kupukutika. Nikamwambia, mdogo wangu, huko kwao majani yanageuka rangi Septemba mpaka Novemba. Sisi miezi hiyo jakaranda zinachanua zambarau barabarani na tunasubiri mvua za vuli. Baridi yetu ni hii ya Julai, na migomba haipukutiki. Akanitazama akacheka kidogo, kile kicheko cha kumwonea mtu huruma. Pale pale ningemwonyesha mlango. Sikumwonyesha, kwa sababu zile rangi, acha nikiri, zilikuwa zimenivutia.

Kuna na habari ya boga. Alininunulia boga moja soko la Kilombero kwa bei ambayo siitaji hapa maana mume wangu atasoma, akalitua katikati ya meza, akasema hilo ni pambo lisiguswe. Siku ya tatu mama alilikata akalichemsha, tukalinywea chai. Kwenye boga sina lawama.

Kazi ilikuwa ya siku mbili. Chalii wake alikuwa na adabu kuliko bosi wake. Wolpepa ya majani ya rangi ya kutu ikapanda ukuta mzima wa nyuma ya jiko. Lakini siku ya pili, mimi niko kazini, wakafanya jambo ambalo hakuna aliyewatuma: wakakata vipande vya jipsamu, wakaziba matundu ya hewa yote manne juu ya dirisha na kuzungushia silikoni, ili baridi isiingie. Nimerudi jioni nakuta pametulia, pana joto, upepo hausikiki. Nikafurahi! Nikamtumia chalii na hela ya soda.

Najua mtakachosema. Ndiyo, baridi ikizidi huwa naingiza jiko la mkaa ndani, maana kuchemsha mahindi ya kukoboa na maharage kwa gesi ni kumaliza mtungi. Si jambo la kujisifia. Ila miaka yote matundu yale yalikuwa wazi. Sasa jioni mbili mfululizo kichwa kinanigonga, mwanangu wa mwisho anasinzia mezani saa moja, nami nasema ni mafua ya baridi. Kumbe ni hewa ya mkaa. Kaboni monoksaidi haina rangi, haina harufu, inashika kwenye damu mahali pa oksijeni, mtu analala haamki. Nikikumbuka jinsi nilivyoshukuru, tena kwa hela ya soda, natamani kupiga kelele.

Iliyotuokoa ni wolpepa yenyewe. Jioni ya tatu makande yanatokota, mvuke hauna pa kutokea, ukuta unatiririka jasho. Nikasikia mkwaruzo, kama mtu anabandua plasta kwenye kidonda taratibu. Kona ya juu ikajikunja, ikasita, halafu kipande cha karibu mita nzima kikajimwaga na gundi yake ndani ya sufuria. Majani yakapukutika kwelikweli. Jirani yetu, fundi uashi, alipoitwa wala hakuitazama wolpepa. Akanyoosha kidole juu: "Hapa nani kaziba?" Akang'oa vipande vyote vinne kwa bisibisi kabla hata hajakaribishwa kiti.

Kesho yake nikampigia dizaina, akaja, akatazama ukuta, akatazama sufuria, ndipo akatoa lile neno lake. Matundu aliyaziba yeye, kosa la makande! Mama hakuinua uso. Akachambua, akaokota kijiwe akakitupa pembeni, akauliza tu, "Na huyu mtoto, kwao wanakula nini?"

Kwa hiyo msimwite. Kama mna watoto ndani, msimwite kabisa.

Ila taa. Hili linaniuma kuliko ile gundi. Aliitoa tyubulaiti akaniwekea balbu mbili za mwanga wa njano, moja ameishusha chini juu ya meza. Kwenye boksi imeandikwa 2700K. Ile ya zamani ilikuwa 6500K, na namba ikiwa ndogo ndivyo mwanga unavyokaribia rangi ya moto wa kuni. Katika orodha yake yote hakuna kitu kilichokuwa na bei ndogo kama hicho. Tangu hapo hakuna anayekimbilia sebuleni. Watoto wanaandikia hapo kazi za shule, mume wangu anamenya tangawizi ya chai bila kuombwa, mama amehamishia kigoda chake chini ya mwanga. Ukuta una makovu ya gundi, upepo unapita kwenye matundu, tumevaa masweta, na bado watu hawaondoki. Mimi nimeishi na jiko lile miaka sita sikuona kama ugonjwa ulikuwa taa. Yeye aliona siku ya kwanza, amesimama mlangoni, hajavua hata viatu.

Basi mwiteni kwa ajili ya taa, na siku hiyo msiende kazini. Au hapana, balbu mtazinunua wenyewe, someni tu namba kwenye boksi.

Bado ananidai 80,000 iliyobaki, meseji haziishi. Hela ipo. Aje Jumamosi jioni aichukue jikoni, nitakuwa nimeinjika makande, na aanze kwa kumwamkia mama.