Vigae vya vekta kwa ramani ya wavuti: ulipie nini kwanza

Vigae vya vekta ni vipande vidogo vya data ya ramani ambavyo kivinjari huvichora chenyewe. Kabla ya kutoa pesa, jiulize data yako hubadilika mara ngapi. Hilo huamua zaidi kuliko ukubwa wa eneo.

1. Faili moja ya PMTiles kwenye hifadhi ya wingu. Data ikibadilika mara moja kwa wiki au chini ya hapo, seva ya nini? Lipia nafasi ya faili tu. Vigae vyote hukaa ndani ya faili hiyo, na kivinjari huchukua vipande vya baiti kinavyohitaji. Faili hutengenezwa kwa tippecanoe, programu ya kukata data kuwa vigae, hivi:

`tippecanoe -o barabara.pmtiles -zg --drop-densest-as-needed barabara.geojson`

Chaguo la mwisho hupunguza vitu vilivyosongamana hadi kigae kiingie ndani ya kikomo cha kilobaiti 500. Tafadhali usikiondoe kikomo hicho ili nyumba zote zionekane kwenye zumu (kiwango cha kukuza ramani) ya 5: simu zitakwama. Kwa kazi nyingi, zumu ya 14 inatosha, maana MapLibre (maktaba inayochora ramani kwenye kivinjari) hukikuza kigae hicho mtu anaposogea karibu zaidi, na kila zumu ya ziada huzidisha vigae mara nne. Usijisajili popote kabla ya kuhakikisha wenye hifadhi wanapokea maombi ya `Range` (kuomba sehemu tu ya faili) na wanakuachia kupanga CORS (ruhusa ya tovuti yako kusoma faili iliyo kwenye kikoa kingine). Uliza pia wanatozaje data inayotoka. Bili huvimbia hapo.

2. Martin juu ya PostGIS. Martin ni seva ya vigae inayosoma PostGIS, hifadhidata ya kijiografia; ni kwa data inayobadilika kila saa. Utalipia seva isiyolala, na weka kache (nakala za vigae vilivyokwisha kutolewa) mbele yake. Ukiandika hoja zako mwenyewe, usiizungushie safu ya jiometri `ST_Transform` (inayobadilisha mfumo wa kuratibu) ndani ya `WHERE`, kwani faharasa ya GiST, ya kutafuta kwa mahali, haitatumika na kila kigae kitapekua jedwali zima. Badala yake, badilisha mipaka ya kigae, `ST_TileEnvelope`, iendane na mfumo wa jedwali.

3. Huduma za kulipia, kama MapTiler au Mapbox. Nzuri kwa ramani ya msingi, kwa sababu fonti, alama na mitindo huja pamoja. Soma wanatoza kwa kigae au kwa kila ramani inayofunguliwa; skrini moja huita vigae vingi.

4. MBTiles na TileServer GL. MBTiles ni faili ya hifadhidata yenye vigae, na TileServer GL ni seva inayovitoa. Chagua njia hii ukihitaji pia picha za rasta (ramani iliyokwisha kuchorwa kama picha). Ukiandika seva yako mwenyewe, kumbuka MBTiles huhesabu safu za y kutoka chini, na vigae vyake hubanwa kwa gzip. Bila `Content-Encoding: gzip` kwenye jibu la seva, ramani hubaki tupu na kivinjari hulalamika `Unimplemented type: 3`.

Folda ya mamilioni ya vigae vilivyotawanyika haimo kwenye orodha: kupakia huchukua muda mrefu mno, na hifadhi nyingi hutoza kila faili inayoandikwa.