Dunlop Jazz III: piki ya mpiga solo, si ya kukong'otea chodi

Wapiga gitaa la solo wengi wa kwaya na bendi hapa Mwanza hushika piki (kile kijibamba cha kupigia nyuzi) laini, zile za unene wa milimita 0.5. Kwenye seben, ile sehemu ya kuchezesha ambapo gitaa linakimbia, piki ya namna hiyo hujikunja kwanza ndipo iuachie uzi, na kidole cha kushoto kinakuwa kimeshahamia freti (nafasi ya shingoni mwa gitaa) nyingine. Jazz III ina unene wa milimita 1.38. Haipindi, na ncha yake kali hugusa uzi na kutoka papo hapo.

Acha ncha itokeze milimita 2 au 3 tu, kisha iinamishe kidogo ipite uzi kwa ukingo. Ikizidi hapo inazama na kunasa.

Kipimo cha kwanza: uzi wa tatu (wa kwanza ndio mwembamba kabisa), freti 5-6-7-8, vidole vinne, piki ikienda chini-juu bila kuruka. Weka metronomu (programu ya kuhesabu mapigo) ya simu kwenye mapigo 60 kwa dakika, noti nne kwa kila mpigo, na ya kwanza ipige kwa mkazo. Zima distoshoni, yaani ule mkwaruzo wa sauti ya gitaa la umeme, maana inaficha madudu. Ukisikia "tk" kavu kabla ya noti, mkono wa kulia umewahi. Noti ikikatika kabla ya inayofuata, kidole kimenyanyuka mapema. Mtuhumiwa wa kwanza ni kidole cha mwisho, yaani kidogo. Dakika nzima ikitoka safi, panda kwa mapigo 4. Ukikwama, acha kulazimisha: piga noti 8 kwa kasi unayoitaka, tua kwenye ya 9 pamoja na mpigo, pumzika, rudia. Kwenye 120 hizo ni noti 8 kwa sekunde.

Uzi mmoja lakini ni nusu ya kazi. Piga noti tatu kwa kila uzi, kutoka wa sita kwenda wa kwanza, ukianza na chini: uzi wa sita ni chini-juu-chini, wa tano juu-chini-juu. Kila unapovuka, piki lazima iruke juu ya uzi mmoja. Hapa ndipo mikono inapoachana, na hapa ndipo ncha fupi ya Jazz III inapolipa.

Kasoro yake ni udogo. Kwenye joto la ukumbi uliojaa, vidole vikilowa jasho, inazunguka au inadondoka katikati ya solo. Wenye jasho jingi watafute Jazz III ya Max-Grip, ina vipele vya kushikia; wenye vidole vinene, ile kubwa zaidi, XL. Ya nailoni nyekundu ina sauti ya mviringo zaidi, nyeusi inakata zaidi.

Kwa ridhimu, yaani kusindikiza kwa chodi (noti kadhaa kwa pamoja), usijisumbue nayo, inazikwaruza. Piki nyingine ya Dunlop, Tortex ya njano ya milimita 0.73, inatosha kabisa.

Ikague ncha mara kwa mara. Nyuzi nene huiparuza, na ikishakuwa butu inaanza kunasa kwenye uzi. Isugue kwa msasa laini, au chukua nyingine.