Waliniuzia seva ya "saa 24", skripti ikawa inauawa usiku, wakasingizia umeme wa Kigoma

"Kaka, wewe si uko Kigoma? Hapo tatizo ni umeme wenu na mtandao wenu wa huko. Seva zetu hazina shida."

Hilo ndilo jibu nililopewa na dada wa huduma kwa wateja wa kampuni iliyoniuzia seva, baada ya kuwekewa muziki mpaka salio linakaribia kukata. Hakuuliza jina la akaunti. Hakuuliza skripti inafanya nini. Alisikia Kigoma tu, akafunga kesi.

Jamani, skripti yangu, yaani programu yangu ndogo, haikai kwenye laptop yangu hapa Mwanga, Kigoma mjini. Inakaa kwenye seva yao, kompyuta yao iliyo mbali na hapa, wanayonitoza kila mwezi. Umeme ukikatika mji mzima, giza kuanzia Ujiji mpaka Kibirizi, seva ile haihusiki hata kidogo. Hiyo ndiyo sababu ya mtu kulipia seva! Kwa miaka mingi huku tuliishi na umeme wa majenereta ya dizeli, kwa hiyo kukatika kwa umeme hatuhitaji kufundishwa na mtu. Nililipa ili kazi yangu isitegemee soketi ya nyumbani kwangu.

Kazi yenyewe ni hii. Vijana wangu wako mwaloni Kibirizi. Boti zikiingia alfajiri, wanatuma meseji ya bei ya dagaa wabichi na wakavu, skripti inaipokea na kuisambaza kwa wafanyabiashara, wengine wako Kasulu, wengine Tabora. Bei ya saa kumi na moja alfajiri si bei ya saa mbili asubuhi. Na siku za kuvua zenyewe si zote: mbalamwezi ikiwaka sana taa za wavuvi hazifui dafu, wengi wanapumzika, na mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15. Usiku mmoja wa kazi ukipotea, umepotea kweli.

Mimi niliiwasha inavyotakiwa. Nilitumia amri ya nohup, nikaweka alama ya & mwishoni ili itembee nyuma ya pazia, nikaelekeza maandishi yote kwenye faili la logi, yaani la kumbukumbu zake, nikatoka. Kwa asiyefahamu: ukifunga terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, prosesi (programu zinazotembea) ulizoziacha hupokea ishara ya SIGHUP, namba 1, na kwa kawaida zinakufa. Kazi ya nohup ni kuifanya prosesi iipuuze ishara hiyo. Jioni naangalia, inatembea. Asubuhi haipo. Nikahamia tmux, programu inayoiweka terminali hai hata ukitoka, asubuhi haipo.

Nikaongeza mistari michache ili skripti iandike kila ishara inayoipokea kabla ya kufa. Kesho yake logi ikasema: 02:40, ishara 15. Usiku uliofuata, tena 02:40, ishara 15. Ishara 15 ni SIGTERM, amri ya kuiambia prosesi ifunge kazi. Laini yangu ikikatika inakuja 1, na hiyo nohup inaizuia. Hii 15 imetumwa na mtu au programu iliyomo ndani ya seva ile ile, saa nane na dakika arobaini usiku, watu wote wa Kigoma wakiwa wamelala au wako ziwani. Nikaandika amri ya uptime, ikaonyesha seva imewaka wiki kadhaa bila kuzimwa. Huo umeme uliokatika ulikatika wapi?

Nikawapelekea yote hayo kwa barua pepe. Jibu: "Ndugu mteja, tafadhali hakikisha mtandao wako uko imara."

Wakati huo huo kuna mama mmoja mfanyabiashara wa Tabora aliyemtumia wakala wake pesa kwa bei ya jana, kwa sababu ya leo haikumfikia. Bei ilikuwa imeshuka. Akanipigia, nikamwamkia, akaitikia marahaba kwa sauti ya chini kisha akaniambia, "Mwanangu, umenitia hasara." Hakugomba. Nilitamani angegomba. Yule mama ananiamini mimi, na mimi nilikuwa nimeiamini kampuni ambayo inaona Kigoma ni kisingizio.

Mpaka hapo nilikuwa nimeamua kuwapa nyota moja na kuwaambia wote msikanyage pale.

Kisha usiku mmoja nikapiga tena, akapokea kijana wa zamu. Aliomba jina la akaunti, akaniambia subiri kaka, akarudi na ukweli: kifurushi kile kina programu inayofagia kila usiku, ikikuta prosesi iliyokaa muda mrefu inaiua. Kimetengenezwa kwa tovuti, si kwa skripti ya kukaa macho. Alisema, "Ulitakiwa uambiwe tangu mwanzo." Akanielekeza kwenye VPS yao, yaani seva pepe unayoisimamia mwenyewe.

Nikaichukua. Na lazima niseme haki: inafanya kazi vizuri sana. Hapo una mamlaka yote, kwa hiyo nohup nimeiweka pembeni, nimeiandikia skripti faili la huduma ya systemd, programu ya Linux inayowasha na kusimamia huduma. Muhimu ni Restart=always, yaani ikifa iwashwe tena, halafu RestartSec=10, yaani isubiri sekunde kumi kwanza. Hiyo ya pili msiidharau. Usipoiweka, systemd husubiri milisekunde 100 tu kabla ya kuiwasha tena, na kwa mipangilio ya kawaida huduma ikishawashwa mara 5 ndani ya sekunde 10 na bado inaanguka, inaachwa imelala. Kisha systemctl enable, ili hata seva ikizimwa na kuwashwa irudi yenyewe. Nilijaribu kuiua kwa nguvu kwa amri ya kill -9 huku naangalia journalctl, logi ya systemd. Sekunde kumi, ikainuka. Nilipiga kelele ya furaha nyumba nzima ikasikia. Tangu hapo bei za Kibirizi zinafika kila alfajiri.

Kwa hiyo niwape nyota nne? Kwa VPS, ndiyo, wanastahili. Hata kile kifurushi cha kwanza, kama una tovuti ya shule au ya duka, kitakufaa.

Lakini nikikumbuka "wewe si uko Kigoma" mkono unakataa. Ukurasa wao wa mauzo bado umeandikwa "saa 24" bila neno hata moja kuhusu ufagiaji wa usiku. Ina maana kuna mwingine leo, Uvinza au Kibondo, anaambiwa akague umeme wake wakati wao ndio wanaoua kazi yake. Na kuniomba radhi hawajaniomba. Nyota mbili. Zote mbili ni za yule kijana wa zamu ya usiku.

Nalipa mwezi kwa mwezi. Mkataba wa mwaka wanaonishawishi nimeukataa, na nimewaandikia sababu: waandike kikomo cha prosesi pale pale kwenye bei, na wampigie simu yule mama wa Tabora. Namba yake nitawapa akiridhia.