Banda la mikanda ya mbio za magari, Chake Chake: picha nzuri, maelezo nusu

Kiingilio ni shilingi 1,000 kwa mtu mzima na 500 kwa mtoto. Kwa fedha hiyo banda moja la Chake Chake linakupa saa mbili na robo za mikanda ya zamani ya mbio za magari, Alkhamisi na Jumamosi baada ya sala ya Isha. Asiyejali injini asiogope. Mikanda hii haihusu vikombe wala mabingwa. Inahusu watu waliokwenda kutazama, waliosimama katikati ya njia, waliochoma basi, waliomiminika uwanjani gari zingali zinakimbia. Mwenye banda, ambaye ndiye dijei anayeieleza, ameikata na kuiunga mwenyewe vipande vinne, na mkono wake wa kuunga ni mzuri kuliko ulimi wake wa kueleza.

Banda lina mabenchi safu sita, na ukuta wa mbele uliopakwa chokaa ndio pazia. Projekta imening'inizwa juu ya safu ya nne na feni yake inavuma kama mzinga wa nyuki. Aliyekaa chini yake hasikii neno. Safu mbili za mbele utaona madoa badala ya picha, maana mikanda hii imetoka kwenye kaseti za video na haikubali kukuzwa mno. Kaa safu ya tatu, upande wa kulia. Upande wa kushoto spika imechanika na hukoroma kila injini inapopanda. Umeme ukikatika jenereta hushika baada ya dakika tatu au nne, lakini flashi huanza tena kutoka mwanzo na kijana wa mitambo hupapasa kutafuta mlipofikia. Dawa yake nyepesi: kila kipande kiwe faili lake, badala ya vyote vinne kubandikwa kuwa faili moja refu.

Kosa kubwa la mitambo halionekani kuwa kosa. Mikanda ya miaka ya 1970 na 1980 ilipigwa kwa umbo la nne kwa tatu, na projekta imewekwa kumi na sita kwa tisa, basi picha inavutwa ubavuni mpaka ijaze ukuta. Kila kitu kinanenepa kwa theluthi. Magari kuwa mapana ni kichekesho tu; taabu iko njiani. Barabara ya mita 4 inasomeka kama ya mita 5 na ushei, na watu waliosimama kandoni wanaonekana wameacha nafasi ambayo hawakuiacha. Onyesho hili zima ni habari ya umbali baina ya mtu na gari, kwa hiyo huku ni kumpunja mtazamaji. Rimoti ina kitufe cha kubadilisha umbo la picha, ni kazi ya sekunde chache, na mabaka meusi kushoto na kulia hayamuumizi mtu.

Kipande cha kwanza ni Safari Rali, na hapo ndipo ukumbi huchangamka, kwa kuwa hii ni mbio ya majirani. Ilianza 1953 kwa kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza, ikapita Kenya, Uganda na Tanganyika, na kwa miaka mingi ilikimbiwa siku za Pasaka, masika yakiwa yanaanza kushuka. Dijei anaturusha juu ya jambo lililo muhimu: barabara hazikufungwa. Gari la mashindano lilikutana na lori, baiskeli na ng'ombe, ndiyo sababu unaona ngao nene mbele na mataa ya ziada, na miaka ya baadaye helikopta ikitangulia kuchungulia njia. Mtazamaji wa Safari alikuwa na kazi pia. Gari likizama kwenye tope, wanakijiji ndio waliolisukuma, kwa ujira au kwa raha zao. Mawe nayo yalirushwa baadhi ya mahali. Mkanda haufichi, na ni vizuri. Mwaka 1963 na tena 1968 gari zilizofika mwisho zilikuwa 7 tu, na anayeona tope lile hataulizia sababu.

Dijei husema Joginder Singh alishinda mara nne. Ni mara tatu: 1965 kwa Volvo, 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Mwenye nyingi ni Shekhar Mehta, mara tano, 1973 kisha 1979 mpaka 1982 mfululizo. Wazee wa safu ya nyuma humsahihisha kila mara, na kila mara anarudia lile lile. Huenda ni sehemu ya burudani.

Kipande cha pili kinavuka bahari. Kinafungua na Mexico, Oktoba 1970, mbio za Formula 1. Watu wanakadiriwa kufika 200,000, uzio ukazidiwa, wakaja kukaa kwenye majani mbele ya vyuma vya kinga, miguu yao karibu na lami. Jackie Stewart na Pedro Rodríguez, mwenyeji wao, walizunguka kuwasihi warudi nyuma. Walirudi kidogo, madereva walipopita wakasogea tena. Mbio zikachelewa zaidi ya saa moja. Kisha mbwa akakatiza, Stewart akamgonga, na gari lake likaharibika likatoka mashindanoni. Jacky Ickx alishinda, na Mexico haikupewa tena mbio hizo mpaka 1986. Hapa muungaji ameweza: ameacha picha ya juu ikae muda mrefu bila muziki, ukaona jinsi mstari wa watu unavyofuata kila kona kama pindo la kanga.

Baada ya hapo Watkins Glen, jimbo la New York, ambako Formula 1 ilikimbia kuanzia 1961 hadi 1980. Ndani ya uwanja palikuwa na bonde la matope, wenyewe wakiliita The Bog. Watu walipiga kambi siku kadhaa kabla, Oktoba ya baridi na mvua, pombe tele na askari wachache wa kuingia mle ndani. Mchezo wao ulikuwa kupitisha gari kwenye tope. Lililokwama lilichomwa moto. Mwaka 1974 lilichomwa basi zima la Greyhound. Picha za basi ndizo zilizo kwenye tangazo la mlangoni, na bila shaka ndizo zinazouza tiketi. Lakini maelezo ya dijei kwamba moto ule ndio ulioiondoa Formula 1 pale hayasimami. Baada ya basi kuungua mbio ziliendelea misimu sita. Kilichowaondoa ni deni: waandaaji walishindwa kulipa fedha za mashindano ya 1980, na mwaka uliofuata hawakuwemo kwenye ratiba.

Sasa kipande cha tatu, Rali ya Ureno, ambacho peke yake kinastahili kiingilio chote na ndicho kilichotendewa vibaya zaidi.

Mtu wa Pujini au Kengeja, vijiji vya hapa Pemba vinavyocheza ng'ombe, akiwaona vijana wa Sintra wanavyobaki katikati ya njia mpaka gari liwafikie, kisha wakajitupa pembeni huku wakinyoosha mkono kugusa ubavu wake, hahitaji tafsiri. Ni mchezo wa ng'ombe. Kuna wa kuthubutu mbele, kuna wa kushangilia nyuma, na sifa inakwenda kwa aliyechelewa kukimbia. Tofauti iko kwenye mnyama. Ng'ombe wetu ana kamba na hupumua, na ukizidiwa kuna mti wa kuparamia. Lile gari lilikuwa la Kundi B, daraja la magari ya rali yenye nguvu mno, nguvu ya farasi 400 na zaidi kwenye mwili wa tani moja hivi. Likienda kilomita 144 kwa saa linakata mita 40 kila sekunde. Mtu mwepesi akichukua nusu sekunde kushtuka tu, gari limeshala mita 20 kabla mguu wake haujanyanyuka.

Tena kulikuwa na tabia ya injini zenyewe. Tabo za wakati ule, yaani vipuliza hewa vya kuongeza nguvu ya injini, zilichelewa kujaa: dereva anakanyaga mafuta katikati ya kona, nguvu inakuja baadaye, yote kwa mpigo, na gari linajinyoosha kwenda nje ya kona. Nje ya kona ndiko watu walikojazana, kwa sababu ndiko kunakoonekana vizuri. Halafu ukuta wa watu uliificha kona yenyewe. Dereva alilenga katikati ya vichwa akitaraji vitafunguka kama pazia, na kwa kawaida vilifunguka.

Tarehe 5 Machi 1986, hatua ya kwanza ya mashindano, pale Lagoa Azul karibu na Sintra, havikufunguka vya kutosha. Joaquim Santos, Mreno aliyekuwa na Ford RS200, alikwepa watu waliokuwa njiani, gari likamponyoka likaingia kwenye kundi lililokuwa kando. Watu 3 walikufa, zaidi ya 30 wakajeruhiwa. Madereva wa timu za viwanda vya magari walikutana hotelini Estoril, wakatia saini karatasi ya kukataa kuendelea. Mashindano yakaendelea bila wao, na Joaquim Moutinho akashinda kwa Renault 5 Turbo.

Dijei hulipiga tukio hilo mara tatu, mara ya pili polepole, na muziki wa kuchezea umewekwa juu yake. Hapo banda linapoteza nyota moja nzima. Mara moja inatosha, na sauti ya asili ya mkanda, yenye kelele zinazogeuka ghafla kuwa kitu kingine, inaeleza kuliko ngoma yoyote. Dakika tano zinazotangulia ajali ndizo zilizostahili kurudiwa: wanausalama wachache wanaosukuma watu nyuma kwa viganja, kamba iliyolegea, watoto mabegani mwa baba zao. Mikanda ya Ulaya ina picha 25 kwa sekunde, kwa hiyo kwa mwendo ule ule wa kilomita 144 kwa saa gari linasogea mita 1.6 baina ya picha na picha. Mwambie kijana wa mitambo, "Kaka, tusimamishie hapo," usogeze picha moja moja, na utahesabu mwenyewe nani alibakiwa na picha ngapi. Akiombwa kwa adabu hukubali, ukumbi usipojaa sana.

Pia usiamini miaka anayoitaja. Kwake kila kitu cha Ureno ni 1986. Mashindano yale yalikuwa ya Machi, kwa hiyo magari yenyewe yanatoa ushahidi. Ford RS200 ilianza mashindano ya dunia Sweden, Februari 1986, na Lancia Delta S4 ilianza Uingereza Novemba 1985. Ukiona mojawapo njiani Ureno, ni kweli 1986. Peugeot 205 yenye injini nyuma ya viti iliingia Mei 1984 kule Corsica, hivyo ikionekana Ureno ni 1985 au 1986. Ukiona Lancia 037 na Audi pekee, bila Peugeot hata moja, uwezekano mkubwa unatazama 1984 au kabla. Kwa kipimo hicho, sehemu nzuri ya kipande hiki si ya mwaka wa ajali, na jambo hilo linakifanya kiwe kizito zaidi: watu walifanya vile vile mwaka baada ya mwaka.

Kundi B nalo halikufutwa kwa Ureno peke yake, kama anavyosema. Tarehe 2 Mei mwaka huo huo, Corsica, Henri Toivonen na msaidizi wake Sergio Cresto walitoka njiani kwenye Delta S4, gari likaungua. Pale hapakuwa na kundi la watu la kulaumu. Marufuku ilitangazwa baada ya hapo, na 1987 magari yale hayakuwemo tena.

Kipande cha nne ni chepesi. Brands Hatch, Uingereza, Formula 1 ya 1976: James Hunt, mwenyeji, yumo kwenye mgongano wa kona ya kwanza, mbio zinasimamishwa, inasemekana hataruhusiwa kuanza upya, na Waingereza wanapiga makelele na kurusha makopo mpaka akaruhusiwa. Alishinda, kisha ushindi ukaondolewa baadaye akapewa Niki Lauda. Silverstone, Uingereza pia, 1992: Nigel Mansell, Mwingereza mwingine, anavuka mstari na watu wanamwagika lamini wakati gari nyingine hazijamaliza. Picha ni safi kuliko zote, na nafasi ya kubana tumbo kwa kicheko ipo, lakini baada ya Sintra mtu hacheki sana akiona miguu lamini.

Mlangoni kuna kahawa, kashata na mishkaki. Kahawa ni nzuri, mishkaki hukauka ikishafika saa tatu. Wenye watoto wadogo watoke nao kipande cha pili kinapoisha, kuna mapumziko ya dakika kumi. Onyesho huanza saa mbili na nusu, na Ureno humalizika kwenye saa nne na robo ikiwa umeme haukusumbua. Anayerudi Wete apange usafiri wake kabla ya kukaa, au aondoke hapo hapo: kilichobaki baada ya Ureno hakilipi usumbufu wa kutafuta lifti usiku.